Msumeno Unaposhikwa Breki

Fundi amekesha akipanua njia za hewa ndani ya silinda kwa tupa ndogo. Asubuhi ameirudisha silinda mahali pake, amekaza nati ya mwisho, amevuta kamba. Msumeno wa mnyororo umewaka kwa mlio mkali kuliko jana, na majirani wamejua. Yeye mwenyewe anaapa kwamba nguvu zimeongezeka kwa robo nzima.

Zimeongezeka kweli? Mlio hauwezi kumjibu. Ekzosi iliyotobolewa hupiga kelele zaidi hata kama injini haijapata chochote. Msumeno uliopunguziwa mafuta kwenye kabureta huzunguka kwa kasi zaidi ukiwa hewani, lakini ukigusa gogo unaweza kuwa dhaifu kuliko awali, na pistoni yake ikawa njiani kuungua.

Huko Marekani na Kanada, ambako kuboresha misumeno ya mnyororo ni mapenzi ya watu wengi, ubishi wa namna hii haukosekani. Kuna hata mashindano yenye kipengele cha misumeno iliyoundwa upya kabisa. Mashindano ya Timbersports, yaliyoanza Marekani mwaka 1985, huwapa washindani gogo moja na saa: kata vipande vitatu, kwanza kwa kushuka, kisha kwa kupanda, kisha kwa kushuka tena. Baadhi ya misumeno ya kipengele hicho hubeba injini zilizokusudiwa pikipiki au magari ya kwenda juu ya theluji.

Saa na gogo ni kipimo kizuri cha ushindani, ila ni kipimo kibaya cha injini. Gogo moja lina fundo, lingine limekauka. Mnyororo wa asubuhi si mnyororo wa mchana. Mkono uliokandamiza kidogo zaidi hubadilisha sekunde. Ndiyo maana baadhi ya mafundi hawa wameamua kuliweka gogo kando na kujitengenezea dainamomita, chombo kinachoishika injini na kuisomea nguvu zake kwa namba. Vyuma vinavyohitajika vingi hupatikana kwa muuza vipuri chakavu. Wazo lenyewe lina miaka mia mbili.

Kabla ya kuingia karakanani, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo huitwa yote nguvu. La kwanza ni toki, yaani kani ya kuzungusha. Aliyewahi kufungua nati ngumu ya tairi anaijua: spana fupi haisogezi kitu, lakini ukiiongezea bomba refu nati inalegea. Mkono ni uleule. Kilichozidi ni umbali kutoka kwenye nati. Toki ni kani mara umbali huo, na hupimwa kwa nyutoni-mita. Mzigo wa kilo moja ukining'inia kwenye ncha ya mkono wa mita moja hutoa toki ya nyutoni-mita 9.81.

La pili ni uwezo wa kufanya kazi kwa muda fulani, unaohesabiwa kwa kilowati au kwa hospawa. Toki ikizungushwa taratibu hufanya kazi kidogo. Toki ileile ikizungushwa haraka hufanya kazi nyingi. Hesabu yake inaingia kwenye kiganja: zidisha toki kwa mizunguko ya kila dakika, kisha gawanya kwa 9,549. Jibu ni kilowati. Anayeijua hesabu hii ameshajua dainamomita inatafuta nini: vitu viwili tu, toki na kasi.

Hospawa ilitokana na biashara. James Watt wa Uskoti alitaka kuwauzia injini za mvuke watu waliozoea farasi, akahitaji kuwaeleza injini moja ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Kipimo alichokiweka ni sawa na wati 746 hivi. Ujerumani na nchi nyingine za bara la Ulaya zikaja kutumia farasi mdogo kidogo, wa wati 735.5, ambaye ni kazi ya kupandisha kilo 75 kwa mita moja kila sekunde. Hivyo msumeno mmoja unaweza kuandikwa hospawa mbili tofauti bila mtu kudanganya. Stihl MS 661, wenye injini ya sentimita za ujazo 91.1, hutajwa kuwa na kilowati 5.4. Kwa farasi wa Watt hizo ni 7.2, na kwa farasi wa Ulaya ni 7.3.

Aliyeonyesha namna ya kuzipima nguvu za injini kwa njia nyepesi ni Mfaransa Gaspard de Prony, mhandisi na mwanahisabati ambaye jina lake ni miongoni mwa majina 72 yaliyoandikwa kwenye mnara wa Eiffel. Mwaka 1821 alichukua vipande viwili vya mbao, akavibana kwa bolti kuzunguka shafti ya injini, na kwenye mbao hizo akafunga mkono mrefu wenye mzigo nchani. Shafti inapozunguka inataka kwenda na mbao zake, na mkono unazizuia. Mzigo unaotosha kuuweka mkono huo sawasawa, bila kupanda wala kushuka, ndio unaotaja toki.

Uzuri wa breki ya Prony ni kwamba haihitaji kujua chochote kuhusu msuguano. Mbao ziwe kavu au zimelowa, laini au zenye kukwaruza, si hoja. Kiasi ambacho injini inaisukuma breki ndicho kiasi ambacho mkono unaisukuma mizani.

Fundi wa leo hutumia breki ya sahani ya pikipiki badala ya mbao. Kwanza huchomelea fremu nzito ya vyuma vya pembe na kuifunga sakafuni. Msumeno huvuliwa mnyororo na ubao wake wa kuongozea, kisha zile bolti mbili za ubao hutumika kuufunga msumeno kwenye bamba nene la chuma. Ngoma ya klachi, ambayo kwa kawaida huvuta mnyororo wa kukatia, hukerezewa sproketi ndogo inayoweza kuvuta mnyororo kama wa pikipiki. Mnyororo huo unakwenda kwenye shafti ya pili iliyokaa juu ya beringi mbili, na juu ya shafti hiyo ndipo sahani ya breki inapofungwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kile chombo chenye pedi, kinachoibana sahani, hakifungwi kwenye fremu. Kinafungwa kwenye kibebeo chenye beringi zake, kinachoweza kuyumba kwa uhuru kuizunguka shafti ileile. Breki ikibanwa, sahani inataka kukizungusha kibebeo. Kinachokizuia ni mkono wa chuma unaotoka kwenye kibebeo na kuishia kwenye mizani. Endapo kibebeo kitagusa fremu popote, au bomba la mafuta ya breki likakazwa kiasi cha kuusukuma mkono, sehemu ya kani itapotelea hapo na mizani haitaiona.

Kwa nini shafti ya pili, badala ya kuifunga breki kwenye injini moja kwa moja? Kwa sababu msumeno huzunguka kwa kasi kubwa huku toki yake ikiwa ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua msumeno wa kilowati 4 zinazopatikana kwenye mizunguko 9,500 kwa dakika. Hesabu inatoa toki ya nyutoni-mita 4 tu. Pikipiki ya bodaboda ya sentimita za ujazo 125 huwa na toki zaidi ya mara mbili ya hiyo. Msumeno unapata uwezo wake kwa kukimbia, na kwa kasi hiyo, ukiwa na sproketi ya kawaida ya meno saba na mnyororo wa inchi tatu ya nane, meno ya kukatia hupita kwenye mti kwa mita 21 kila sekunde, sawa na kilometa 76 kwa saa.

Sproketi ya breki ikiwa na meno mara tatu ya ile ya injini, mambo hubadilika kwa faida ya mpimaji. Shafti ya breki inashuka hadi mizunguko 3,167 kwa dakika, toki inapanda hadi 12, na kilowati zinabaki nne, ukiacha zile chache zinazoliwa na mnyororo na beringi. Mkono ukiwa na urefu wa sentimita 30, mizani itaonyesha kilo 4.1. Kwa mizani ya kidijiti ya kupimia samaki, huo ni uzito wa kawaida kabisa.

Kilichobaki ni kasi. Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili, kwa hiyo plagi hutoa cheche moja kila mzunguko. Waya mwembamba ukizungushiwa juu ya waya wa plagi hunasa kila cheche, na kifaa cha bei ndogo cha kuhesabu mizunguko husoma mapigo hayo. Wengine huweka sumaku kwenye shafti ya breki na kihisio pembeni yake.

Kazi yenyewe huenda hivi. Msumeno huwashwa na kuachwa upate moto. Kisha hupewa mafuta yote, na breki hubanwa kidogo kidogo. Mizunguko inashuka. Kila inapotulia, namba mbili huandikwa: kasi na kilo. Tuseme mizani imesoma kilo 3.0 injini ikiwa kwenye mizunguko 11,500; kilo 4.1 kwenye 9,500; na kilo 4.5 kwenye 7,500. Ukigeuza kilo kuwa toki na kuingiza hesabu, unapata kilowati 3.5, kisha 4.0, kisha 3.5 tena.

Namba hizi tatu zina habari ambayo karatasi ya dukani haina. Kilowati zilifika kilele kwenye 9,500, lakini toki iliendelea kupanda hata mizunguko iliposhuka hadi 7,500. Mkata mbao anayeukandamiza msumeno kwenye gogo nene anajua maana yake mikononi: kasi inapungua, na badala ya kuzimika, injini inajikaza. Msumeno ambao toki yake inaporomoka mapema unamlazimisha aunyanyue kila mara. Wakati mwingine kupanua njia za hewa huongeza kilele cha kilowati na papo hapo kuila toki ya chini. Mwenye kuchora mistari miwili kwenye karatasi moja, wa kabla na wa baada, anaona alichopata na alicholipa.

Adui wa kwanza wa breki ya nyumbani ni joto. Nguvu zote zinazozuiwa lazima ziende mahali, na zinakwenda kwenye sahani. Kilowati 4 zinatosha kuchemsha lita moja ya maji ya nyuzi 25 kwa sekunde 80 hivi. Sahani ya pikipiki ikishikwa dakika nzima hugeuka rangi na pedi huanza kuteleza. Kwa hiyo vipimo huchukuliwa kwa vipindi vya sekunde chache, na baada ya kila kipindi breki huachwa ipoe. Injini nayo inashukuru, kwa kuwa kazi ya kawaida ya msumeno ina mapumziko kati ya kipande na kipande.

Adui wa pili ni mgumu kumwona. Breki ya msuguano hushika kwa kani karibu ileile hata kasi ikishuka. Injini ikipita kilele cha toki yake, kila mzunguko unaopotea huipunguzia uwezo wa kupambana, na kabla fundi hajasoma mizani, imezimika. Mwingereza William Froude aliliondoa tatizo hili mwaka 1877 alipokuwa akitafuta njia ya kupima injini za manowari. Aliweka gurudumu lenye vikombe ndani ya kasha lenye maji: gurudumu linayarusha maji, maji yanalisukuma kasha, na kasha lina mkono wake wa mizani. Maji hukaza zaidi kasi inapopanda na kulegea inaposhuka, tena kwa mraba wa kasi. Injini ikilegea kidogo, mzigo nao unapungua, na namba zinatulia zenyewe. Joto linaondoka na maji yanayopita. Froude alifariki mwaka 1879 Simon's Town, Afrika Kusini, lakini breki za maji za aina yake bado zinapima injini hadi leo.

Wanaojenga nyumbani mara nyingi hutafuta tabia hiyo ya maji kwa njia ya mafuta. Pampu ya haidroliki huzungushwa na msumeno, na koki huyabana mafuta yanapotoka. Wengine hujaribu alteneta ya gari wakitaraji kuupeleka umeme kwenye taa na kusoma wati. Hesabu inawakatisha tamaa mapema: alteneta ya ampea 70 kwenye volti 14 hutoa wati 980. Msumeno wa kilowati 4 utaizungusha na kubakiwa na nguvu nyingi.

Kuna pia njia isiyotumia breki kabisa. Injini hufungiwa gurudumu zito la chuma, hupewa mafuta yote, na kinachopimwa ni muda gurudumu linaochukua kupata kasi. Gurudumu la kilo 20 lenye kipenyo cha sentimita 30, likisukumwa na toki yetu ya nyutoni-mita 12, hutoka mizunguko 1,000 hadi 3,000 kwa sekunde nne hivi. Kompyuta ndogo ya bei nafuu kama Arduino huhesabu mapigo ya sumaku, na kutokana na kasi inavyopanda hupatikana mstari mzima wa toki kwa mkupuo mmoja, kabla chochote hakijapata joto.

Ila gurudumu hilo linahitaji heshima. Kwenye mizunguko 3,000 limebeba nishati ya kuupandisha mfuko wa simenti wa kilo 50 hadi mita 22, yapata ghorofa ya saba. Chuma chenye ufa, au kilichokerezwa bila kuwekwa katikati sawasawa, kinaweza kupasuka na kutoka kama risasi. Ngao ya bamba nene si pambo, iwe kwa gurudumu au kwa sahani ya breki, na hakuna anayesimama kwenye mstari wa mzunguko wake. Moshi wa injini hii una hewa ya kaboni monoksaidi, inayoua bila harufu, kwa hiyo kazi hufanyika nje au mlango ukiwa wazi kabisa. Masikio huzibwa, maana kelele zake hupita desibeli 100.

Sasa, je, namba hizi ni za kuaminika? Mkono wa sentimita 30 uliopimwa vibaya kwa sentimita moja tu tayari umeleta kosa la asilimia tatu. Mnyororo na beringi zinakula kidogo. Mizani inatetemeka, kwani silinda inapiga mara 158 kila sekunde, na wajuzi huituliza kwa kufunga shokapu kuukuu kwenye mkono. Watengenezaji hupima kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 7293, kwenye vyumba vilivyoandaliwa. Dainamomita ya banda la nyuma ikisema 3.7 mahali ambapo karatasi inasema 4.0, si sababu ya kumshtaki yeyote.

Swali la maana ni jingine: ikipima msumeno uleule leo na kesho, itatoa jibu moja? Kosa lisilobadilika halimdhuru anayelinganisha. Mkono ukiwa mfupi kwa asilimia tatu, ni mfupi kabla ya tupa na baada ya tupa, na tofauti kati ya mistari miwili inabaki na maana. Ndiyo maana mafundi makini hurudia kila kipimo mara tatu au zaidi bila kubadilisha chochote, ili waone namba zinatawanyika kiasi gani. Zikitawanyika kwa asilimia nne, ongezeko la asilimia mbili halina haki ya kutangazwa. Kila siku kabla ya kuwasha, hutundika uzito unaojulikana kwenye mkono. Chupa yenye lita mbili za maji, ikiwa imepimwa pamoja na plastiki yake, inatosha.

Hewa nayo inaingia kwenye hesabu. Injini hii inavuta hewa ya mahali ilipo, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Anayepima msumeno Mombasa, karibu na bahari, kisha akaupandisha Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, anaupa hewa nyepesi kwa takriban asilimia 15 hata baada ya kuhesabu ubaridi wa Nairobi. Nguvu zitapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho, na kabureta iliyowekwa sawa pwani itakuwa inamwaga mafuta mengi mno. Wahandisi huzirudisha namba zao kwenye hali moja ya kulinganishia. Kanuni ya Marekani ya SAE J1349, kwa mfano, hutumia nyuzi 25 na shinikizo la hewa kavu la kilopaskali 99. Fundi wa nyumbani huandika joto na shinikizo pembeni ya kila kipimo, na hupima kabla na baada katika siku moja.

Kuna jambo moja ambalo hakuna breki inayoweza kulisema, nalo ni mnyororo. Dainamomita inaishia kwenye ngoma ya klachi; mti unaanza mbele yake. Mnyororo unaotumika leo karibu kila mahali ulitokana na Joseph Cox, mkata mbao wa Marekani aliyeona namna buu wa mbawakawa alivyotafuna mti, kushoto na kulia. Aliuuza mnyororo wake kuanzia mwaka 1947. Makali yake yakipotea, kilowati nne huishia kwenye unga na moshi badala ya chenga nene, na msumeno mdogo wenye mnyororo uliotiwa makali unaupita.

Kwa hiyo vipimo vikikamilika, karatasi ya mistari miwili hubandikwa ukutani, ubao na mnyororo hurudishwa, na msumeno hubebwa hadi kwenye gogo lililokuwa likisubiri. Fundi huketi kwanza. Anaushika mnyororo kwa mkono wa kushoto, tupa ya mviringo kwa mkono wa kulia, na kuanza na jino la kwanza.